Skrini ya Sitini Katika Nyumba ya Kilo Tisini

Protus Mukhisa,
Mwanachama nambari 214,
Myanga, Bungoma.

Kwa Mhariri,
Jarida la *Kilo Tisini*,
Ofisi ya Chama cha Wakulima, Kitale.

Ijumaa.

Ndugu Mhariri Gikonyo,

YAH: NAMBA KUVUNJWA NDANI YA OFISI ILIYOJENGWA JUU YA NAMBA

"Namba iliyobandikwa nyuma ya skrini ni woga wa kiwanda tu. Skrini yetu imeandikwa sitini, mimi nimeipeleka sabini na tano, na mwezi mzima sasa haijalalamika."

Maneno haya sikuyaokota sokoni. Yamechapishwa katika ukurasa wa nne wa jarida letu, toleo la mwezi huu, chini ya jina la Bi. Tabby Wacuka, mpiga chapa wa chama. Niliyasoma nikiwa nimesimama. Nikakaa, nikayasoma tena, nikaona kwamba kukaa hakukuyapunguzia upumbavu hata kidogo.

Kwa faida ya wanachama ambao kompyuta ya chama wanaiona tu kupitia dirishani wakija kuuliza mbolea imefika lini, nieleze. Picha kwenye skrini haikai palepale kama picha ya harusi ukutani. Skrini huichora upya, tena na tena, upesi kuliko jicho linavyoweza kuhesabu. Skrini ya chama ilitengenezwa ichore mara sitini kwa kila sekunde. Imeandikwa hivyo kwenye stika nyuma yake, na mtu yeyote mwenye macho na shingo inayogeuka anaweza kusoma. Bi. Tabby ameingia kwenye mipangilio ya kompyuta na kuilazimisha skrini ichore mara sabini na tano. Sababu yake, anaandika, ni kwamba maneno "yanateleza vizuri" anapoyapandisha na kuyashusha.

Yanateleza! Mimi nimesoma vitabu tangu darasa la tatu, kwa mwanga wa koroboi, na sijawahi kuliomba neno liteleze. Neno zuri hukaa mahali pake likakungoja.

Mimi si mtu wa kukasirika bila mpango. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, na ninaomba namba hizo ziheshimiwe, kwa kuwa ni miongoni mwa namba chache zilizobaki salama katika chama hiki.

1. Jarida letu linaitwa *Kilo Tisini*. Halikuitwa hivyo kwa sababu mtu alikosa jina. Tulipigana miaka sita na madalali waliokuja Kitale na magunia yaliyoshonewa kilemba cha wavu juu. Walisimama juu ya mahindi yetu na viatu vyao, wakayashindilia, wakaongeza debe, wakashindilia tena, halafu wakasema hilo ni gunia moja. Tulipowauliza kuhusu kilo tisini, uzito halali wa gunia, walitujibu nini? Kwamba tisini ni makadirio. Kwamba gunia linaweza. Kwamba mwezi mzima gunia halijalalamika. Ndugu Mhariri, iweke sentensi ya dalali kando ya sentensi ya Bi. Tabby, ufunike majina, kisha uniambie ni ipi ya nani. Tulimfukuza dalali kwenye lango la mbele. Kumbe tulikuwa tumempa kiti na kompyuta katika chumba cha nyuma.

2. "Haijalalamika." Nataka kulitazama neno hili kwa utulivu, ingawa halistahili. Ng'ombe wa jembe halalamiki. Huvuta, huvuta, halafu siku moja hupiga magoti katikati ya mtaro, na mwenyewe huanza kuuliza kama jirani amemroga. Kuku halalamiki mpaka aone maji yanachemka. Paa la shule niliyofundisha Sirisia halikulalamika miaka kumi na miwili, na asubuhi lilipolalamika tulikuwa gwaride, ashukuriwe Mungu, si darasani. Kitu kisicho na mdomo hakilalamiki, Bi. Tabby. Ndiyo maana aliyekitengeneza alikibandika stika. Stika ndiyo mdomo wake.

3. Hebu tuulize haraka hii ni ya nini. Jarida la *Kilo Tisini* hutoka mara moja kwa mwezi, na mwezi wa nane huwa halitoki kabisa kwa sababu wewe mwenyewe, Ndugu Mhariri, huwa uko shambani. Basi hesabu nami. Skrini inajichora mara sabini na tano kwa sekunde ili sisi tutoe jarida mara kumi na moja kwa mwaka. Habari moto kuliko zote katika toleo lililopita ilikuwa kwamba mvua imechelewa. Ilichapishwa siku mvua iliponyesha. Ningeelewa kama ni mhariri ndiye aliyeongezwa kasi.

4. Ugonjwa wa namba huambukiza. Khisa, mwanachama mwenzetu wa kule Sirisia, alisoma ukurasa wa nne kabla ya kupanda. Kila mtoto wa mkulima anajua kwamba mistari ya mahindi huachiana sentimita sabini na tano. Khisa akaachanisha sentimita sitini, akaniambia kwa kujiamini kwamba sabini na tano ni woga wa bwana shamba. Sasa mbegu imeota. Ukisimama mwanzo wa lile shamba huoni mstari, unaona mkutano wa hadhara.

Wiki hiyohiyo, kwa jirani yangu hapa Myanga, walikuja watu wa kuposa. Makubaliano yalikuwa wageni kumi. Waliteremka thelathini na mmoja. Mwenye nyumba alipouliza, kiongozi wao, mtu mzima mwenye koti na tai, akamjibu: "Si kumi ilikuwa tu pendekezo, mzee? Nyumba inaweza, bana." Sina ushahidi kwamba mtu huyo alisoma jarida letu. Sina ushahidi kwamba hakulisoma.

Kutoka hapo mteremko ni mkali. Mhubiri aliyepewa dakika ishirini ataona ishirini ni woga wa wazee wa kanisa. Mwenye tuktuk ya watu watatu ataona watatu ni woga wa kiwanda, ingawa huyo, kusema kweli, alishaona zamani. Kiongozi aliyepewa vipindi viwili atatuambia, kwa upole, kwamba viwili ni woga wa katiba na kwamba nchi haijalalamika. Na siku hiyo, wananchi wakiuliza haya yote yalianzia wapi, mimi nitawaelekeza: Kitale, ofisi ya wakulima, chumba cha nyuma, meza iliyo karibu na birika.

5. Hoja ya tano nimeiondoa. Mke wangu aliichungulia begani akasema ni matusi. Ilikuwa hoja nzuri.

6. Sasa nifike Alhamisi, jana, siku ambayo uharibifu huu ulinifika mimi mwenyewe.

Nilikuja ofisini saa nne asubuhi kusahihisha makala yangu ya "Mbolea Bandia na Akili Bandia", kurasa ishirini na tatu, kazi ya miezi mitano. Bi. Tabby alinikaribisha vizuri, hilo silikatai. Alinipa kiti chake na kikombe cha chai. Nilipoiona ile skrini ikitelezesha maneno yangu kama mlenda, nikasema kwa sauti ya kawaida, ingawa watu waliokuwa kwenye foleni ya mbegu wanadai walinisikia hadi barabarani: "Kama sitini ni woga, basi hata sabini na tano ni woga! Peleka themanini tuone ushujaa!"

Lile lilikuwa jaribio la kisayansi. Wasomi wote hufanya majaribio.

Akanijibu, "Mwalimu, themanini nilishajaribu. Hii skrini haifiki huko, inakataa."

"Ahaa! Kumbe mwisho upo! Hebu nionyeshe huo mwisho."

Akacheka, akainama kando yangu, akabonyeza.

Skrini ikawa nyeusi. Haikufifia, haikuyumba; ilizimika kama jicho lililofumbwa. Miezi yangu mitano ilikuwa humo ndani. Na Bi. Tabby, badala ya kupiga kelele kama mtu mwenye hatia, akasema polepole kama anayemtuliza mtoto: "Mwalimu, tulia. Usiguse kitu. Nyamaza tu kidogo, itarudi yenyewe."

Ninyamaze! Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Nilishika chaki kabla yeye hajashika kijiko. Wakaguzi wa elimu wameingia darasani kwangu wakatoka bila kuthubutu kuniambia neno hilo. Nilifanya ambalo mtu yeyote mwenye mali ndani ya nyumba inayoungua angefanya: niliingia kuiokoa. Nilibonyeza vitufe vyote, vya juu, vya chini na vya pembeni, kwa vidole kumi, kama mtu anayepura maharagwe huku mvua imeshashuka kutoka Mlima Elgon.

Skrini haikurudi. Yalitokea tu maandishi madogo yanayozurura kutoka pembe moja hadi nyingine, yakisema kwamba kinachotakiwa kiko nje ya uwezo wake. Hatimaye ililalamika, Ndugu Mhariri! Nilimwonyesha Bi. Tabby kwa kidole. Yeye alikuwa ameshika kichwa. "Ai, Mwalimu," akasema, "umeikubalia."

Sikuelewa nimekubali nini. Jambo la mwisho nililolikubali lilikuwa ndoa. Niliubamiza mlango, nikaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti wetu, Mama Nyaruai, nikamweleza yote kwa mfuatano. Ameita kikao cha kamati Jumanne, kuamua kama Bi. Tabby abaki au aende.

7. Kwa hiyo naiomba kamati yafuatayo, na ninaona kwamba ninaomba kidogo:

(a) Bi. Tabby Wacuka aondolewe kwenye kiti hicho Jumanne hiyohiyo. Nimeambiwa ana watoto wawili shuleni na kwamba kiti hicho ndicho shamba lake. Namhurumia. Hata dalali ana watoto.

(b) Skrini irudishwe sitini, na stika yake ihamishwe kutoka nyuma hadi mbele, katikati, pasiweze kusomwa neno jingine kabla yake.

(c) Chama kipitishe Kanuni ya Namba: kwamba hakuna mwanachama, mke, mume wala mgeni wake atakayezidisha namba yoyote iliyoandikwa, iwe ya skrini, ya gunia, ya wageni, ya beti za wimbo wala ya vijiko vya sukari kwenye chai ya ofisi. Kila wodi iwe na mkaguzi. Mimi niko tayari kwa Myanga. Wakikosekana wengine, niko tayari kwa zote.

(d) Makala yangu itangazwe rasmi kuwa imefariki, na jarida litoke na ukurasa mmoja mtupu wa maombolezo. Ukurasa huo uwe wa nne.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi isipokuwa mmoja. Msalimie mzee wa lango, ambaye bado hufungua saa mbili kamili na kufunga saa kumi na moja kamili. Huyo ndiye msomi pekee mliyebaki naye. Wasalimie wanachama wa Sirisia, na umwambie Khisa kwamba bado anaweza kung'oa kila mstari wa pili. Nakhungu, mke wangu, anawasalimu pia, ingawa anasema salamu zake nisizichanganye na za kwangu.

Ni mimi niliyejeruhiwa lakini nisiyenyamaza,
Mwl. Protus Mukhisa.

Nyongeza. Haya nayaandika leo Jumatatu, Kitale, kwenye meza ya Bi. Tabby, kwa kalamu yake.

Juzi Jumamosi nilimsomea Nakhungu barua hii yote kwa sauti, nikiwa nimesimama, na kila palipostahili nilitua ili apate nafasi ya kucheka. Alikuwa akichambua kunde. Hakucheka. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: "Baba Edinah, huyo msichana alikwambia unyamaze. Ulinyamaza kwa muda gani?"

Nikafungua mdomo nimjibu upesi, nikaona kwamba huo upesi wenyewe ndio jibu.

Leo nimekuja na gari la kwanza. Nimekuta skrini nzima, inachora mara sabini na tano kama kwamba mimi sikuzaliwa. Bi. Tabby aliitengeneza Alhamisi ileile, kabla sijafika hata kwa Mwenyekiti: alileta televisheni ya chumba cha mikutano, akaiunganisha na kompyuta, akaona alichohitaji kuona, akairudisha namba. Makala yangu iko yote, kurasa ishirini na tatu, na mkato wa ukurasa wa tisa ambao sikuwa na hakika nao bado uko pale. "Makala haikuwa kwenye skrini, Mwalimu," ameniambia. "Skrini ni dirisha tu."

Kisha amenieleza nilichokubali. Ukibadilisha namba hiyo, kompyuta hukuuliza kama uko radhi nayo, halafu hungoja sekunde kumi na tano. Usipojibu, hurudi yenyewe ilikotoka, kwa sababu waliotengeneza walijua kwamba mtu aliye gizani hawezi kusoma swali. Swali lile lilikuwepo Alhamisi, nyuma ya weusi ule. Nami nililijibu bila kuliona. Nilijibu ndiyo. Nilijibu kwa vidole kumi.

Nimemwomba anionyeshe. Akapeleka themanini, skrini ikafumba. "Hesabu kimoyomoyo, Mwalimu." Mpaka tisa nilikuwa salama. Kufika kumi na moja hoja ilinipanda kooni, tena hoja nzuri sana, kuhusu giza na uongozi. Yeye akainua kidole kimoja tu, bila kunitazama. Nikaimeza. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Picha ikarudi, bila msaada wangu wowote.

Baada ya hapo nimesahihisha makala yangu saa nzima kwenye skrini hiyohiyo. Ni kweli, maneno yanateleza vizuri. Sitasema zaidi.

Mtaniuliza kwa nini sikuichana barua. Ni kurasa saba za mkono, na sijawahi kuchana hoja. Tena malalamiko ya kwanza nayasimamia, lakini kwa dalali peke yake: gunia alilolishindilia kwa viatu halikuwa na sekunde kumi na tano za kujirudia. Yaliyobaki, kuanzia la pili hadi kifungu cha mwisho cha la saba, nayafuta, pamoja na lile la tano ambalo hamkuliona.

Kwa hiyo ninyi wajumbe saba wa kamati, na hasa wewe Mama Nyaruai uliyeniamini haraka hivyo: kesho Jumanne barua hii isomwe yote, hadi hapa. Kisha, kabla mtu yeyote hajainua mkono, kaeni kimya sekunde kumi na tano kamili. Msiguse kitu. Halafu mwacheni Tabby kwenye kiti chake.